Mama Mashimo Mlangoni

Chai ya idara ya fizikia ilinywewa kila Jumatano asubuhi katika chumba cha mikutano cha ghorofa ya tatu, kwa vikombe ambavyo vingi vyake vilikuwa vimeshavunjika mikono. Jumatano ile biskuti zilikuwa nyingi kuliko kawaida, maana Mkuu wa Idara alikuwa na habari njema. Alifuta midomo, akasimama, akatangaza kwamba makala yake kuhusu mashimo meusi imekubaliwa na jarida ambalo kila mtu mle chumbani alitamani kuchapishwa nalo kabla hajafa. Watu wakapiga makofi. Mama Mashimo naye alianza kupiga, kisha mikono yake ikaacha yenyewe.

Mama Mashimo lilikuwa jina alilopewa na wanafunzi, kwa kuwa ndiye aliyewafundisha habari za mashimo meusi, yale maeneo ya angani yenye mvuto mkali hata mwanga ukiingia hautoki. Kazi yake mwenyewe ilirudi nyuma zaidi, kwenye ulimwengu ulipokuwa mchanga kabisa, ulipofumuka kwa ghafla kabla hata jicho halijapata muda wa kupepesa. Alitaka kujua kama mfumuko ule uliacha vishimo vidogo vyeusi, na kama baadhi yake vingali hai. Mama yake mzazi, mshonaji wa sare za shule, alipoambiwa kwamba binti yake anachunguza mfumuko alisema afadhali, maana bei ya uzi imezidi.

Sasa Mkuu alikuwa akieleza makala yake hatua kwa hatua, na Mama Mashimo alizitambua hatua zote. Alitambua mahali alipokwama mwaka mzima, na kona aliyoipita ndipo akakwamuka. Alitambua hata herufi iliyotumika kwa ukubwa wa vishimo, herufi ambayo hakuna mwanafizikia mwingine aliyewahi kuitumia hivyo, kwa sababu aliichagua mwenyewe kutoka jina la mtoto wake. Mwishoni Mkuu alimshukuru kwa mazungumzo mazuri ya mara kwa mara.

Aliyekaa karibu naye alikuwa Chaki, mwenzake wa ofisi moja, mtu mpole ambaye mikono ya shati lake haikuwahi kuwa safi. Chaki aliangalia kikombe chake. Miezi kadhaa nyuma, Mama Mashimo akiwa nyumbani na mtoto mwenye surua, Mkuu aliingia ofisini kwao, akausoma ubao wake mrefu, akaupiga picha, kisha akasema, "Ubao huu mchafu. Ufute, bwana." Na Chaki akaufuta. Mama Mashimo aliporudi, Chaki alimwambia mfagizi ndiye aliyeufuta.

Chai ilipokwisha, Mama Mashimo alikwenda moja kwa moja kwenye ofisi ya Mkuu. Ofisi ile ilikuwa na utani wake. Ombi la likizo likiingia halitoki. Rasimu ya mwanafunzi ikiingia haitoki. Walimu walisema kwa kicheko kwamba shimo jeusi la karibu kabisa na dunia liko mwisho wa korido, lina kapeti na feni. Chaki alitoka nyuma yake, akamwona anatembea kwa haraka ya mtu mwenye neno kooni. Alipoukaribia mlango hatua zake zikawa nzito kama za mtu anayeingia mtoni. Kwenye kizingiti aliinua mguu wa kulia, akainua na mkono ili agonge, akaanza kufungua kinywa. Hapo akabaki.

Chaki alingoja kidogo. Kisha akarudi chumba cha mikutano akawaambia, "Mama Mashimo amesimama mlangoni kwa Mkuu."

"Amesimama vipi?"

"Amesimama tu. Nadhani kwake muda umepungua mwendo."

Wakaenda kumtazama. Wote walikuwa wanafizikia, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Anayetumbukia kwenye shimo jeusi, ukimtazama kutoka nje, huwa humwoni akivuka ukingo. Unamwona anapunguza mwendo, anapunguza, hadi anaonekana kaganda, na mwanga unaotoka kwake unazidi kuwa mwekundu. Nzi aliyekuwa akimzunguka kichwani alikuwa ameganda naye, karibu na sikio. Mfagizi alipojaribu kupitisha ufagio, ncha ya ufagio haikurudi. Aliuachia ukabaki umeelea pale. Wakachora mstari wa chaki sakafuni ili watu wasipite.

Mkuu mwenyewe alikuwa ndani akimenya chungwa. Alitokea mlango wa pembeni, uliofungukia kwenye chumba cha katibu wake, akauliza kuna nini. Akaambiwa. Alisema kwamba kutoka ndani mlango ni mtupu, haoni mtu. Watu walijadiliana kidogo iweje yeye atoke shimoni kila anapotaka, wasikubaliane. Katibu wake alisema mwenye shimo hatumbukii shimoni mwake, na mjadala ukaishia hapo. Tangu siku hiyo Mkuu alitumia mlango wa pembeni.

Alasiri mama mzazi alikuja, amemshika mkono mjukuu wake ambaye ndio kwanza alikuwa anaanza shule. Chaki aliwapokea kwenye ngazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa hawezi kurudi nyumbani."

"Yuko njiani, mama. Ila safari yake imekuwa ndefu."

Mama alimtazama binti yake kutoka kwenye mstari. Alimtazama viatu, kisha nywele. "Hajala," alisema.

"Kwake bado ni saa ile ile ya chai," Chaki alisema. "Hata njaa haijamfikia."

Mtoto aliuliza kama anaweza kumwita. Akaruhusiwa. Akaita mama, mama, mama, mpaka sauti ikamkauka, na uso uliokuwa mlangoni haukutikisika. Chaki alichuchumaa akamweleza taratibu kwamba kwa mama yake wao ndio wanaokwenda mbio. Maneno yote atakayosema leo yatamfikia mama kama mlio mmoja mwembamba, kama wa mbu, na wao wenyewe hawaonekani hata kidogo, kwa sababu wanakuja na kuondoka upesi mno.

"Na tukikaa sana je?" bibi aliuliza.

"Mkikaa sana sana, mama, labda ataona kivuli."

Kesho yake bibi alikuja na kiti cha nyumbani, cha mbao, chenye mto alioushona mwenyewe. Akakiweka ukutani nje kidogo ya mstari, upande wa kulia wa mlango, akakaa. Tangu hapo alikuja kila alasiri baada ya kufunga cherehani, amevaa gauni lile lile la buluu. Lilipochakaa alishona jingine la kitambaa kile kile, ili anayetazama asichanganyikiwe. Alikaa bila kujitikisa, mikono mapajani. Mjukuu alifanya kazi za shule sakafuni kando yake. Wanafunzi waliopita walimwamkia naye akawaitikia kwa midomo tu, bila kugeuza shingo.

Kulikuwa pia na mngurumo. Ulianza wiki ile ile, mzito, chini ya kile ambacho sikio hukisikia, lakini vikombe vya chai vililia juu ya sinia na maji kwenye glasi yakachora miduara. Fundi wa maabara aliunasa kwa kinasa sauti, akauharakisha mara nyingi sana, akawaita watu. Kilichosikika kilikuwa pumzi. Baada ya muda mrefu pumzi ikapata umbo, ikawa herufi h. Alikuwa anasema kitu.

Chuo kiliunda kamati. Mwenyekiti wake alikuwa mwanasheria mwenye sauti ya kubembeleza, na kikao cha kwanza kilifanyika pale pale koridoni, viti vimepangwa nyuma ya mstari. Alisema kamati imesikia minong'ono kwamba huenda mwalimu huyu ana malalamiko. Malalamiko ni haki yake na hakuna atakayemwingilia. Lakini huwezi kulijibu lalamiko ambalo mwenyewe hajalimaliza. "Tumpe nafasi amalize," alisema. "Subira yavuta heri."

"Na kama kuna mtu anayejua anachotaka kusema?" aliuliza bibi kutoka kwenye kiti chake, bila kugeuka.

"Kama yupo, mama, na aseme."

Bibi hakuwa na haja ya kumtafuta. "Mwanangu," alimwambia Chaki, ambaye alikuwa amesimama karibu na dirisha, "wewe umekaa naye chumba kimoja tangu mtoto huyu hajazaliwa. Hesabu aliyosoma Mkuu siku ile ya chai, ni ya nani?"

Mlango wa pembeni ulikuwa wazi na Mkuu alisimama hapo, mikono mfukoni. Chaki aliona viatu vya Mkuu kabla hajauona uso wake. Mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha na sahihi ya kuurefusha ilikuwa ya mtu mmoja.

"Mimi na yeye tulikuwa na mambo tofauti, mama," alisema. "Sikuwa nafuatilia ubao wake."

 Bibi hakumtazama kwa hasira wala kwa lolote, kwa kuwa hakugeuza shingo. Kamati iliandika kwamba hakuna shahidi, ikaahirishwa. Mkataba wa Chaki ulirefushwa mwezi uliofuata.

Mwaka ulipopinduka herufi ilikuwa imepata irabu. Fundi wa maabara aliharakisha sauti, na watu waliokusanyika wakasikia wazi: "Ho." Kamati ikarudi. Mwanasheria alisema kisheria hiyo inaweza kuwa hoja, na kama ni hoja basi lalamiko lipo. Mwingine akasema inaweza kuwa hofu, au homa, na homa si ya kamati hii, ni ya zahanati. Katibu wa Mkuu alisema, kwa sauti ya chini, kwamba inaweza kuwa hongo. Hapo Mkuu mwenyewe akaomba kusema. Alisema anashangaa watu wanavyojisumbua. Mwenzao alitoka kwenye chai ambako habari njema ilitangazwa, akaja ofisini kwake moja kwa moja, mkono umeinuliwa, na neno linaanza na ho. Anasema hongera.

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alisema inawezekana kabisa. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye magazeti Mkuu alipopata tuzo: kwamba hata mwenzake aliyekwama mlangoni anampongeza mpaka leo.

Idara ilipata sifa. Wageni walikuja na vyombo, wakampima Mama Mashimo joto na rangi. Rangi yake ilikuwa imeondoka kwenye ile ya watu ikawa ya udongo wa matofali, kisha ya makaa, na kila mwaka makaa yalififia. Gauni, viatu na meno vilikuwa na wekundu mmoja. Wanafunzi wapya waliambiwa wasipite mstari na baada ya wiki moja hawakumwona tena, kama mtu asivyoiona nguzo. Wakati wa mitihani walikaa sakafuni karibu naye wakasoma, kwa sababu kulikuwa na utulivu.

Chaki ndiye aliyegundua habari ya macho. Alikuwa na picha aliyompiga siku ya kwanza, na siku moja alipoilinganisha na uso ulioko mlangoni aliona mboni zimesogea. Zilikuwa zinaangalia mbele, ndani ya ofisi. Sasa zilikuwa zimeanza kwenda kulia. Alimwambia bibi.

"Zinakuja wapi?" bibi aliuliza.

"Kwenye kiti chako, mama. Amekuona. Au ameona kitu cha buluu, anageuka kukitazama."

Bibi alikuwa ameshazeeka, vidole vimekakamaa, na cherehani alikuwa amemwachia jirani. Alinyoosha gauni magotini. "Basi acha nikae vizuri," alisema.

Akakaa vizuri. Alikuja kwenye mvua na alikuja na mafua, na wakati mguu wake mmoja ulipokataa ngazi, mjukuu alimbeba mgongoni. Mboni zilisogea unywele kwa unywele. Chaki alifanya hesabu yake kimya, akaona kwamba bibi na macho yale wanashindana, na hakumwambia mtu. Bibi alifariki mwanzoni mwa masika, kitandani, baada ya kuomba kofia aliyoishona kwa kitambaa kile kile cha buluu ipelekwe kwenye kiti. Macho yalifika kwenye kiti mwaka uliofuata. Wote waliliona hilo: Mama Mashimo alikuwa akikiangalia kiti barabara, na kwenye paji la uso wake, polepole, palianza kuja kunjo la mtu aliyeona kitu akakikosa.

Mjukuu alikaa kwenye kiti siku ile mpaka walinzi walipokuja kufunga. Kesho yake alirudi, lakini hakuweza kurudi kila siku. Alikuwa msichana mkubwa sasa, anasomea ukunga. Alipohitimu alipangiwa hospitali ya jirani, akawa anakuja baada ya zamu, na harufu ya dawa nguoni. Kazi yake ilimfaa. Alizoea watu wanaokuja polepole na hakuwa na tabia ya kuwaharakisha. Alimweleza mama yake habari za wodi ingawa alijua zinafika kama mlio wa mbu. Siku moja alijitazama kwenye kioo cha dirisha la korido, kisha akamtazama mama yake, akaona wanalingana. Aliwaza kwamba mwakani yeye ndiye atakayekuwa dada mkubwa. Hakulia. Alitengeneza mto wa kiti akakaa.

Mkuu alistaafu kwa sherehe nzuri. Alitoka kwa mlango wa pembeni akiwa amebeba tuzo yake kwenye mfuko wa plastiki, akapita mbele ya mlango wake mwenyewe bila kugeuka, kwa sababu kwa miaka yote alikuwa ameuona mtupu. Aliyechukua nafasi yake ni Chaki. Alikuwa ndiye mwenye umri mkubwa kati ya waliobaki, na hakuwa na maadui. Mashati yake sasa yalikuwa safi. Siku ya kwanza alikaa kwenye kile kiti cha ngozi akautazama mlango mkubwa kutoka ndani, na kweli hapakuwa na mtu. Koridoni kulionekana dirisha, na ukuta, na kiti cha mbao chenye mto. Aliona ahueni, na ahueni ile ilimtia baridi.

Neno lilikamilika alasiri moja ya kawaida, mjukuu yule mkunga akiwa kazini. Fundi mpya wa maabara, aliyerithi kinasa sauti kutoka kwa yule wa kwanza, aliiharakisha sauti kama alivyofanya kila mwisho wa mwezi, akatega sikio. Kisha akampigia simu mkunga, kwa sababu aliona ni haki yake kulisikia kwanza.

Alikuja na sare. Fundi alimpa vipokea sauti akavivaa. Ilikuwa sauti ya mama yake, changa, yenye pumzi ya mtu aliyetembea haraka, na hasira iliyokunjwa ndani ya adabu.

"Hodi."

Alisikiliza tena na tena. Kisha akavua, akakunja waya vizuri, akarudisha.

Kamati ilikutana kwa dakika chache. Mwanasheria wa zamani alikuwa amefariki na wa sasa alikuwa kijana mwenye haraka. Alisema suala liko wazi: mwalimu hakulalamika, mwalimu amebisha hodi. Hata hajaanza. Faili likafungwa.

Mkunga alikwenda mlango wa pembeni. Ulikuwa wazi. Chaki alikuwa mezani akisahihisha mitihani, akamwona, uso wake ukachangamka kama zamani.

"Shikamoo, anko."

"Marahaba, mwanangu! Karibu, karibu, pita ndani."

Mkunga hakupita. "Hilo neno," alisema, na akaonyesha kwa kidole ule mlango mkubwa, uliokuwa mtupu. "Lisemee pale."

Chaki aliweka kalamu chini.

"Umesikia alichosema?" mkunga aliuliza.

"Nimeambiwa."

"Basi mwitikie. Ndiyo ofisi yako. Mimi niko nje, mimi siwezi kumkaribisha."

Chaki aliugeukia mlango. Alitazama kizingiti kwa muda mrefu, na midomo yake ikasogea, hata mkunga akainamisha kichwa ili asikie. Mzee yule alikuwa anajua hesabu. Alijua kwamba Mama Mashimo akikaribishwa ataingia, na akiingia atasema lile alilokuja kusema, na atalisema akimtazama yeye aliyekaa kwenye kiti. Atakuwa bado na umri ule. Atakuwa bado anakumbuka ubao.

"Hodi ni tatu," Chaki alisema hatimaye. "Hii ni ya kwanza."

"Ya pili ikija utakuwa umestaafu."

"Nitakuwa nimestaafu, ndiyo."

"Na ya tatu mimi nitakuwa mzee kuliko bibi."

 Chaki alichukua kalamu, akaiangalia, akairudisha mezani. Mkunga alimtazama jinsi alivyowahi kuwatazama wanaume fulani wanaokuja wodini hadi mlangoni, wakageuka.  Alizunguka akaenda kwenye kiti, akavaa kofia ya buluu, akaweka mikono mapajani. Mama yake, mwekundu hafifu kiasi kwamba mtu alihitaji kujua alipo ndipo amwone, alikuwa bado anakitazama kiti kwa lile kunjo la paji la uso. Mkunga alijitahidi asipepese.

Saa tisa Chaki alikuwa na kipindi. Alichukua boksi la chaki, akatoka kwa mlango wa pembeni, akaingia darasani, akawaeleza wanafunzi wa mwaka wa tatu jinsi ulimwengu mchanga ulivyofumuka na jinsi vishimo vyeusi vilivyobaki nyuma vinavyopimwa. Aliandika hesabu yote ubaoni kwa kichwa, bila kukosea hata alama moja. Msichana wa mstari wa mbele aliuliza kwa nini ukubwa wa vishimo umepewa herufi ile ya ajabu. Chaki alisema ni mazoea tu. Juu ya ubao akaandika jina la hesabu kama lilivyo vitabuni, jina la Mkuu aliyestaafu, na wanafunzi wakalinakili.

Vioo vya madirisha vilianza kutetemeka kidogo. Mwanafunzi aliyekaa karibu na mlango aliinuka bila kuambiwa, akaufunga, ili mngurumo usiwasumbue.